Mwalimu Akimkosea Mwanafunzi Kenya: Nani Humwadhibu, na Kesi Hupitia Wapi?

Mara nyingi huanza kwa simu. Mzazi anaitwa shuleni, anakalishwa ofisini, anaambiwa kwa upole kwamba jambo lililompata mtoto wake "litashughulikiwa". Muda si mrefu, mwalimu anayetajwa anahamia shule nyingine. Mzazi akiuliza, anajibiwa: si ameshaondoka?

Kuhama si adhabu. Sheria za Kenya zinaweka njia tatu tofauti za kumfikia mwalimu aliyekosa: tume inayomwajiri, polisi, na korti ya madai. Kila moja inajitegemea, na kupita moja hakufungi nyingine.

Tume ina nguvu gani?

Walimu wa shule za umma wanaajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, maarufu kama TSC. Kifungu cha 237 cha Katiba ya 2010 kinaipa kazi ya kuwasajili walimu, kuwaajiri, kuwahamisha, kuwaadhibu na kuwafuta.

Usajili ndio silaha yake kubwa. Chini ya Sheria ya TSC ya 2012, hakuna anayeruhusiwa kufundisha bila kusajiliwa, awe shule ya umma au ya kibinafsi.

Kesi huendaje?

Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa mwalimu mkuu, kwa bodi ya usimamizi ya shule, au moja kwa moja kwa ofisi ya TSC ya kaunti ndogo au kaunti. Uchunguzi ukionyesha kuna jambo, mwalimu anaandikiwa barua ya kusimamishwa kazi kwa muda. Ana siku 21 za kujitetea kwa maandishi, kisha anaitwa mbele ya jopo la nidhamu ambako mashahidi pia husikilizwa.

Kwa makosa mengi, mwalimu aliyesimamishwa huendelea kupata nusu mshahara. Anayetuhumiwa kufanya mapenzi na mwanafunzi halipwi kitu.

Jopo linaweza kumwachilia, kumpa onyo, kumsimamisha bila mshahara, au kumfuta kazi. Asiporidhika, anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya ndani ya siku 90.

Hapa kuna tofauti ambayo wazazi wengi huikosa. Mwalimu aliyefutwa kazi amepoteza ajira ya serikali tu. Aliyefutwa kwenye sajili ya walimu hawezi kufundisha popote nchini, hata shule ya kibinafsi. Mzazi anayefuatilia kesi aulize swali hilo waziwazi: je, jina limetolewa kwenye sajili?

Walimu wenzake nao?

Waraka nambari 3 wa TSC wa 2010, kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono, unamtaka mwalimu yeyote anayejua au anayeshuku kisa kuripoti ndani ya saa 24. Anayenyamaza au kujaribu kuficha anaweza kuadhibiwa yeye mwenyewe. Kwa hivyo mwalimu mkuu anayewaita wazazi "wamalize mambo kinyumbani" anajiweka hatarini pia.

Polisi ni mlango mwingine

TSC haifungi mtu jela. Kazi hiyo ni ya polisi, mwendesha mashtaka na korti. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inasema mwalimu mkuu, mwalimu au mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi wafanye mapenzi anaweza kufungwa kwa muda usiopungua miaka 10. Mwanafunzi akiwa chini ya miaka 18, hilo ni kosa la unajisi, na kifungo huanzia miaka 15 hadi maisha kulingana na umri wa mtoto. Kwamba mtoto "alikubali" si utetezi.

Kiboko nacho kina sheria yake. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaweka faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, kwa anayemtesa mwanafunzi kimwili au kiakili.

Hukumu ya 2015

Mwaka 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi waliodhulumiwa kingono na mwalimu wao. Korti ya jinai ilikuwa imemwachilia mwalimu huyo. Hata hivyo, Mahakama Kuu ilisema haki za watoto hao zilikiukwa, na ikaamuru walipwe jumla ya shilingi milioni 5. Lawama haikumwangukia mwalimu peke yake: TSC, shule na serikali pia ziliwajibishwa.

Jaji alikemea tabia ya kuwazungusha walimu wa aina hiyo kutoka shule moja hadi nyingine, kisha mwishowe kuwafuta tu na kudhani kazi imekwisha.

Mpishi, mlinzi na dereva je?

Hawa hawako chini ya TSC. Huajiriwa na bodi ya usimamizi ya shule, na bodi ndiyo huwaadhibu. Hawana sajili ya kitaifa kama ile ya walimu, kwa hivyo mlinzi aliyefukuzwa shule moja anaweza kuomba kazi shule jirani bila rekodi yoyote kumfuata. Kwa kesi zao, kuripoti polisi kuna uzito zaidi.

Mzazi afanye nini?

• Kisa kikiwa cha kingono, hospitali kwanza, kabla saa 72 hazijapita, ili mtoto apate dawa za kuzuia HIV. Asioge wala nguo zake zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

• Piga ripoti polisi, upewe nambari ya OB, na uombe fomu ya P3 ijazwe na daktari.

• Peleka malalamiko TSC kwa maandishi. Weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

• Usitie sahihi makubaliano yoyote ya kulipwa ili unyamaze. Kosa la jinai ni kesi ya serikali, na wazee au chifu hawana mamlaka ya kuimaliza.

• Huna pa kuanzia? Piga 116, simu ya bure ya watoto inayopokelewa usiku na mchana.

Mwalimu aliyehamishwa kimyakimya anapata darasa jipya, na watoto wa darasa hilo hawajui lolote. Barua moja yenye muhuri na nambari moja ya OB ndizo huwafikia kabla yake.