Folksbiene: Kundi lililorudisha mchezo wa Tevye katika Kiyidi

FOLKSBIENE ni kundi la michezo ya kuigiza jijini New York, Marekani, ambalo limekuwa likiigiza kwa lugha ya Kiyidi tangu mwaka wa 1915. Maana ya jina hilo ni Jukwaa la Umma. Waanzilishi wake walikuwa wahamiaji wa Kiyahudi, waigizaji wa kujitolea waliotaka michezo yenye uzito wa kifasihi badala ya vichekesho vyepesi vilivyotawala kumbi za wakati huo.

Kiyidi ni lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Shina lake ni Kijerumani, lakini kimekopa pakubwa kutoka Kiebrania na lugha za Kislavoni, nacho huandikwa kwa hati ya Kiebrania. Jambo hili halitamshangaza anayejua kwamba tenzi za kale za Lamu na Pate ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu.

Uigizaji wa kulipwa katika lugha hii ulianzishwa na Abraham Goldfaden mjini Iași, Romania, mnamo 1876. Serikali ya Urusi ilipoupiga marufuku mwaka wa 1883, waigizaji wengi walihamia London na New York.

Yaliyofuata katika karne ya 20 yalikuwa mabaya zaidi. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wasemaji wa Kiyidi walikadiriwa kuwa milioni 11 hivi. Kati ya Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi, walio wengi walikuwa wasemaji wa lugha hiyo. Mwigizaji mashuhuri Solomon Mikhoels aliuawa mjini Minsk kwa amri ya Stalin mwaka wa 1948, na jumba alilokuwa akiliongoza kule Moscow likafungwa mwaka uliofuata.

Ndiyo maana onyesho la Folksbiene la mwaka wa 2018 lilivuta macho ya wengi. Kundi hilo lilipanda jukwaani na “Fidler Afn Dakh”, yaani “Mpiga Fidla Juu ya Paa”. Mchezo huu wa nyimbo unamhusu Tevye, muuza maziwa fukara ambaye binti zake wanajichagulia wachumba kinyume cha mila. Mhusika huyo alibuniwa na Sholem Aleichem, ambaye alianza kuandika hadithi zake kwa Kiyidi mwaka wa 1894. Ajabu ni kwamba ulimwengu ulimjua Tevye zaidi kwa Kiingereza, kupitia onyesho la Broadway la 1964. Tafsiri ya Kiyidi iliyofanywa na Shraga Friedman ilichezwa Israel mwaka wa 1965, kisha ikasubiri zaidi ya nusu karne kabla ya kuigizwa Marekani.

Friedman hakutafsiri neno kwa neno. Pale ambapo Tevye wa Kiingereza anatamani tu kuwa tajiri, wa Kiyidi anajiona akiwa Rothschild, wazo lililotolewa katika maandishi ya Sholem Aleichem mwenyewe. Jukwaani palikuwa na mapambo machache. Lililotawala ni pazia lenye neno “Torati” kwa herufi za Kiebrania, ambalo linararuliwa kijiji kinaposhambuliwa, kisha linaonekana limeshonwa.

Mwelekezi, Joel Grey, hakuwa msemaji wa Kiyidi. Waigizaji wengi pia walilazimika kufunzwa matamshi, na hadhira ilisoma tafsiri ya Kiingereza na Kirusi iliyomulikwa kando ya jukwaa. Wakati huohuo, mitaani Brooklyn wapo Wayahudi wa madhehebu ya Hasidi wanaozungumza Kiyidi kila siku na kuwalea watoto wao kwa lugha hiyo, lakini hao kwa kawaida hawaendi kwenye kumbi za michezo. Kwa hivyo, ni haki kusema kwamba Folksbiene halikiokoi Kiyidi cha nyumbani. Linachohifadhi ni fasihi na mzaha wake, mambo ambayo hayawezi kurithiwa na wasiowahi kuyasikia.

Onyesho lililopangiwa majuma machache lilihamia ukumbi mkubwa Februari 2019 na kuendelea hadi Januari 2020. Lilirejea kwa muda mfupi mwishoni mwa 2022.