Jina na Kiumbe: Historia ya Kimelea Kimoja cha Mapafu

Katika maradhi machache ya mapafu ambayo vitabu vya tiba viliyahesabu kuwa ya protozoa, yaani viumbe vya chembe moja kama vile viletavyo malaria na malale, hapana lenye historia ya ajabu kuliko nimonia ya Pneumocystis. Historia hiyo yawahusu wanalugha pia, kwa kuwa ni historia ya jina.

Katika mwaka wa 1909, huko Brazil, Carlos Chagas aliona vifuko vidogo katika mapafu ya wanyama aliowaambukiza tripanosoma, vimelea vya jamii moja na vile vya malale. Akahukumu kuwa vifuko hivyo ni hatua mojawapo ya maisha ya tripanosoma. Mwaka wa 1910 Antonio Carini aliviona katika panya wa São Paulo, naye akadhani vivyo hivyo. Lakini mwaka wa 1912 Delanoë na mkewe, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, walivikuta katika panya wasio na tripanosoma hata mmoja. Basi ikadhihirika kuwa ni kiumbe mbali, wakakiita Pneumocystis carinii. Neno la kwanza limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, la pafu na la kifuko. La pili ni heshima kwa Carini. Hata hivyo, kiumbe chenyewe kiliachwa katika ukoo wa protozoa.

Mwaka wa 1952, mjini Prague, Vaněk na Otto Jírovec walionyesha kuwa kiumbe hicho ndicho kilicholeta nimonia iliyowaua watoto wachanga dhaifu huko Ulaya. Baadaye pentamidini, dawa ya malale, ilionekana kuwaponya wagonjwa, hali dawa za kawaida za kuvu hazikufaa kitu. Kwa wengi huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kuwa jamaa zake ni protozoa.

Ushahidi huo ulidanganya. Mnamo Juni 1981 ilitolewa habari ya vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na nimonia hiyo, nayo ikawa taarifa ya kwanza ya maradhi yaliyokuja kuitwa UKIMWI. Ugonjwa uliokuwa nadra ukawa mashuhuri, na uchunguzi ukazidi. Mwaka wa 1988 uchambuzi wa chembe za urithi ulithibitisha kuwa kiumbe ni wa jamii ya kuvu. Dawa nyingi za kuvu zilishindwa kwa sababu hushambulia ergosteroli, nacho hakina ergosteroli katika utando wake.

Jina nalo halikusalimika. Mwaka wa 1999 Frenkel alilitetea tena jina alilolipendekeza mwaka wa 1976 kwa kiumbe cha binadamu, na sasa chaitwa Pneumocystis jirovecii. Carinii limebaki kwa panya. Waganga waliozoea herufi PCP hawakuziacha: zamani C ilisimama kwa carinii, siku hizi yachukuliwa kutoka katikati ya Pneumocystis.

Hapo pana funzo kwa waundao istilahi. Ukoo uliodhaniwa umekanushwa, na heshima imehamishwa. Kilichodumu tangu 1912 ni neno lililotaja yale tu yaliyoonekana kwa macho: kifuko ndani ya pafu.