Kirusi Kinachorudi: Kwa Nini Kompyuta ya Nyumbani Inapona Leo, Kesho Inaugua Tena

Wadau, hii mnaijua. Kompyuta ya nyumbani inaanza kuwa nzito, folda za picha za harusi zinageuka shotikati, fundi anaitwa, anapiga Windows upya, analipwa, anaondoka. Wiki mbili baadaye hali ni ileile. Fundi analaumiwa, antivirusi inalaumiwa, hata mtoto aliyecheza gemu naye analaumiwa. Lakini ukifuatilia historia ya hawa virusi utagundua kitu kimoja: mara nyingi kirusi hakirudi kwa sababu kina nguvu za ajabu. Kinarudi kwa sababu tumesafisha kompyuta na kuuacha mlango kilikopitia ukiwa wazi.

Twende mwaka 1982. Kijana wa miaka 15 huko Pennsylvania, Marekani, alipenda sana kuwatania wenzake. Akaandika programu ya kompyuta za Apple II iliyojificha kwenye disketi. Ukiwasha kompyuta kwa disketi hiyo, programu inakaa kwenye kumbukumbu, na disketi safi utakayoingiza baadaye nayo inaambukizwa. Kila mara ya 50 ya kuwasha, kishairi cha utani kinatokea kwenye skrini. Ukizima kompyuta, kirusi kinatoka kwenye kumbukumbu. Ukiiwasha kesho kwa disketi ileile, kimerudi. Ugonjwa haukuwa kwenye mashine, ulikuwa kwenye disketi zilizozunguka mkono kwa mkono.

Mwaka 1986 ikaja zamu ya ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, waliokuwa na biashara ya kompyuta. Wao walitengeneza kirusi cha disketi za kompyuta aina ya PC na, amini usiamini, wakaweka ndani yake majina yao, anwani ya duka na namba za simu! Walisema lengo lilikuwa kuwabana wanaonakili programu yao kwa wizi. Kumbe disketi hazina mipaka. Simu zikaanza kuingia kutoka nchi za nje.

Miaka ikaenda, mlango ukahama. Mei 2000, kutoka Manila, Ufilipino, dunia ilipokea barua pepe yenye kichwa cha "nakupenda" kwa Kiingereza. Nani asifungue? Kiambatisho kilionekana kama maandishi tu, kwa kuwa Windows ilificha herufi za mwisho za jina la faili. Ukikifungua, kinaharibu picha zako, kisha kinajituma kwa watu wote uliowahifadhi kwenye programu yako ya barua pepe. Hapo sasa: wewe unasafisha yako, rafiki uliyemwambukiza anakurudishia barua ileile ya mapenzi. Kijana aliyehusishwa nacho hakufungwa, maana wakati ule Ufilipino haikuwa na sheria ya kumbana.

Agosti 2003 mambo yakawa magumu zaidi. Kirusi cha Blaster hakikuhitaji ufungue chochote. Kiliingia kupitia tundu la Windows XP na Windows 2000, na mara nyingi kompyuta ilijihesabia sekunde 60 na kujiwasha upya. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu Julai, wengi hawakukiweka. Waliopiga Windows upya na kuunganisha intaneti ili wapakue kiraka, wengine waliambukizwa kabla hakijamaliza kushuka. Kwa hiyo "nimeshafomati mbona kimerudi" ni kilio cha zamani.

Halafu flashi. Huku kwetu ndiko tulikoumia, maana flashi moja ilipita steshenari, ofisini, chuoni, kisha nyumbani. Conficker, kilichoonekana Novemba 2008, kilitumia ile tabia ya Windows kuendesha kitu chenyewe mara flashi inapochomekwa. Kilizuia hata tovuti za antivirusi zisifunguke. Februari 2009 Microsoft ilitangaza zawadi ya dola 250,000 kwa atakayesaidia kuwakamata waliokitengeneza. Miaka miwili baadaye, Februari 2011, ikasambaza sasisho la kuizima tabia hiyo ya flashi kwenye Windows XP na Vista. Tena XP ilikuwa na mtego mwingine: sehemu yake ya kurejesha mfumo ilihifadhi nakala za mafaili, na kirusi kikahifadhiwa humohumo. Ukirejesha kompyuta ilivyokuwa juzi, umerejesha na mgonjwa wa juzi.

Basi historia inatupa mpangilio. Kabla ya kumwita fundi kwa mara ya tatu, kusanya flashi, diski za nje na memori kadi zote za nyumba nzima. Zote ziskaniwe siku hiyohiyo kwenye kompyuta iliyo safi na yenye masasisho. Weka viraka vya Windows. Achana na programu za "kreki", maana anayekupa ufunguo wa bure anaweza kubaki na wa kwake. Na picha za familia ziwe na nakala sehemu nyingine isiyochomekwa muda wote. Kompyuta utanunua nyingine, sura ya bibi aliyetangulia huinunui popote.

Ukisafisha nyumba na kuacha dirisha wazi, usimlaumu fagio.