Nusu Karne ya Kupakia Dawa Kwa Seli za Damu

Wasee, leo historia, lakini si ya wafalme. Ni ya kitu iko ndani yako saa hii: seli nyekundu za damu.

Shule walituambia seli nyekundu hubeba oksijeni, basi. Mimi naiona kama matatu. Haina kiini, kwa hivyo ndani kuna nafasi. Inazunguka karibu siku 120, inajibana kupita mishipa myembamba kuliko yenyewe, na askari wa mwili hawaisimamishi. Dawa nyingi ukidungwa peke yake huisha baada ya saa chache, ini na figo zimeifagia, halafu unaongezewa dozi na madhara nayo yanaongezeka. Malaria ilijua hii mambo kitambo: kimelea chake hujificha humo humo.

1973, Garret Ihler na wenzake Robert Glew na Frederick Schnure, kule Pittsburgh, Marekani, walichapisha njia ya kupakia kimeng'enya ndani ya seli hizo. Ni rahisi hadi unacheka. Weka seli kwa maji yenye chumvi kidogo kuliko damu, inafura kama maharagwe uliyoloweka usiku. Ngozi yake inavutika, vitundu vinafunguka, mzigo unaingia. Rudisha chumvi, vitundu vinaziba. Abiria yuko ndani.

Walikuwa wanafikiria magonjwa kama Gaucher, ambapo mtu anazaliwa na upungufu wa kimeng'enya na mafuta yanajazana kwa seli fulani za wengu na ini. Hapa ndio napenda akili yao. Seli nyekundu ikichoka au ikiharibika, ni seli za aina hiyo hiyo ndizo huila. Yaani gari linaenda kufia pale pale mzigo unahitajika!

Ungedhani kufikia 1980 kila hospitali kubwa ingekuwa nayo. Zii. Gaucher yenyewe ilipata dawa iliyoidhinishwa Marekani 1991, na ilikuwa kimeng'enya cha kudungwa moja kwa moja, bila gari.

Aliyeshikilia wazo miaka na miaka ni Mauro Magnani wa Chuo Kikuu cha Urbino, Italia. Timu yake ilichukua dexamethasone, steroidi ambayo ukitumia kila siku kwa muda mrefu inadhoofisha mifupa na kuzuia mtoto kukua. Wanatoa damu kidogo ya mgonjwa, wanapakia dawa ikiwa imefungwa na fosfati ili isiweze kutoka, wanamrudishia. Vimeng'enya vya seli yenyewe vinakata fosfati polepole, dawa inatoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Waliolengwa ni watoto wenye ataksia telanjiektasia, ugonjwa wa kurithi unaowanyang'anya usawa wa mwili hadi wanaishia kwa kiti cha magurudumu. Hauna tiba. Matokeo ya jaribio la wagonjwa 175 yalichapishwa 2024: lengo kuu halikufikiwa, ingawa wa miaka 6 hadi 9 walionekana kunufaika. Kama ni mdogo wako, hiyo “ingawa” utaishikilia na mikono miwili.

Pesa nayo ilikuja mbio. Rubius ya Marekani iliingia soko la hisa 2018 na kukusanya zaidi ya dola milioni 200. Mwisho wa 2022 ilikuwa inafunga milango. Erytech ya Ufaransa ilipakia kimeng'enya cha kunyima saratani chakula, ikajaribu kwa saratani ya kongosho, na 2021 ikaangukia hatua ya mwisho.

Watu wakasema wazo limekufa. Mimi sikubali. Gari lilifika, mzigo au safari ndio haikufaa. Kongosho ni kati ya saratani ngumu kabisa, na kuitumia kuhukumu gari naona ni uonevu.

Wengine hata hawapasui seli tena. Kundi la Vladimir Muzykantov, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, linaacha dawa idandie nje kama makanga. Chembe ndogo za dawa zinashushwa kwa mishipa myembamba ya kwanza kufikiwa: ukidunga kwa vena, ni mapafu, ukipitia ateri ya shingo, ni ubongo. Kwa kazi waliyochapisha 2018, waliodungwa walikuwa panya na nguruwe.