Anwani ya kuazima

Jamani, wangapi kati yenu mnaukumbuka mlio wa modemu? Kriii, kraaa, kisha kimya, halafu uko ndani ya mtandao. Leo nataka tuzungumzie kilichokuwa kikifanyika mara tu makelele yale yalipokwisha, kwa sababu sisi waandishi kinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tuanzie 1981. Septemba ya mwaka huo zilichapishwa kanuni za IP toleo la 4. Kila kompyuta ya mtandaoni ilitakiwa kuwa na anwani yake ya namba. Anwani ina biti 32, kwa hiyo jumla yake ni kama bilioni 4.3. Wakati ule zilionekana hazimaliziki, maana kompyuta zilizokuwa mtandaoni zilikuwa chache, nyingi zikiwa za vyuo na maabara.

Kisha watu wakataka kuingia kutoka nyumbani kwa laini ya simu. Njia mojawapo ya mwanzo iliitwa SLIP, na maelezo yake yalichapishwa 1988. Ilikuwa nyepesi, ila kompyuta mbili hazikuwa na namna ya kuambiana anwani. Ilibidi uijue yako na kuiandika mwenyewe.

Mwaka 1989 ikaja PPP. Kwa utaratibu wake uliochapishwa 1992, kompyuta yako inaomba anwani 0.0.0.0, yaani "sina, nipe". Seva inaikataa hiyo na kukutajia nyingine. Unakubali, safari inaanza. Mwaka 1993 DHCP nayo ikaleta ugawaji wa anwani kwa muda kwenye mitandao ya maofisini.

Faida yake ni hesabu ndogo tu. Kampuni yenye wateja 1,000 na modemu 100 inahitaji anwani 100 za wateja, basi, maana hawawezi kuingia zaidi ya 100 kwa mpigo. Ni kama kiti cha daladala: ukishuka, mwenzako anakalia.

Sasa swali: saa mbili usiku, nani alikuwa amekalia kiti kile?

Kampuni zilihitaji kujua, kwanza kwa ajili ya kudai malipo. Mfumo wa RADIUS, uliobuniwa na Livingston Enterprises ya Marekani 1991, ulikuja kuwa daftari la kazi hiyo: jina la mteja, dakika alizotumia, na anwani aliyopewa. Kwa hiyo anwani peke yake haikumtaja mtu. Anwani pamoja na saa ilimtaja.

Hapo ndipo namkumbuka Shi Tao, mwandishi wa China. Tarehe 20 Aprili 2004 alituma kwa baruapepe ya Yahoo muhtasari wa maagizo ya serikali kwa vyombo vya habari kuhusu kumbukumbu ya miaka 15 ya mauaji ya Tiananmen. Aliupeleka kwenye tovuti ya nje ya nchi, bila jina lake. Hukumu ya mahakama ilitaja taarifa zilizotolewa na tawi la Yahoo la Hong Kong: anwani ya IP, pamoja na saa, dakika na sekunde. Vyote vikaangukia kwenye simu ya ofisi ya gazeti lake mjini Changsha. Mwaka 2005 alihukumiwa miaka 10. Alitoka 2013.

Wahandisi wa PPP hawakuwa wakimtafuta mtu. Walikuwa wakitafuta namna ya mashine kupeana anwani, basi. Lakini kitu cha kuazima huwa na daftari la aliyeazima, na daftari likishakuwepo, kuna siku atakuja mtu mwenye mamlaka kuliomba.

Modemu zile zimepotea kwenye meza zetu. Anwani za kupewa kwa muda bado zipo, hata kwenye simu iliyo mfukoni mwako. Kwa hiyo, ndugu yangu mwandishi, usijidanganye kwamba anwani inayobadilika inakuficha wewe na aliyekupa habari. Wahenga walishasema: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Tukutane tena panapo majaaliwa.