Asili ya Neno "Centre", na Maana Zake

Liko neno moja la Kiingereza ambalo limeingia katika vinywa vya watu wengi, hata wasiojua Kiingereza, nalo ni neno "centre". Katika sehemu nyingi za Kenya watu husema "senta", maana yake mahali penye maduka kando ya njia. Na huku Tanzania neno hilo mara nyingi limefasiriwa "kituo", kama tusemavyo kituo cha afya. Mtu akiulizwa maana yake, hujibu upesi kwamba ni katikati. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi; maana ukiichukua tafsiri hiyo na kuipeleka kila mahali, utaona kwamba mara nyingi haikai. Basi tumeona vema kulifuata neno hili tangu lilikotoka.

Kwa asili si neno la Waingereza. Ni la Wayunani, nao walisema "kentron", yaani kitu chenye ncha kali cha kuchomea. Mwiba wa nyuki ni kentron. Fimbo yenye ncha ya kumchokolea ng'ombe avutaye jembe ni kentron. Wasomao Agano Jipya wamepita juu ya neno hili pasipo kulitambua. Katika Matendo ya Mitume 26:14, pale Paulo asimuliapo habari za njia ya Dameski, neno lililofasiriwa kwetu "mchokoo" ndilo hilo hilo katika Kiyunani. Na katika Ufunuo 9:10, ile miiba iliyo katika mikia mfano wa nge, neno ni lile lile. Hapana habari ya katikati hapo. Ni habari ya kuchoma tu.

Lilipataje kugeuka? Kwa ajili ya bikari, chombo kile cha miguu miwili cha kuandikia duara. Mguu mmoja huchomwa mahali ukatulia, na wa pili huuzunguka ukiandika mstari. Ile ncha iliyotulia, na tundu lake dogo, vikaitwa kentron. Euclid, aliyeandika kitabu chake cha elimu ya maumbo karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo, alilitumia jina hilo kwa nukta iliyo ndani ya duara, ambayo mistari yote itokayo kwake mpaka ukingoni ni sawasawa. Na nukta, kwa fundisho lake, ni kitu kisicho na sehemu: haina urefu wala upana. Msomaji na alikumbuke jambo hili, maana siku hizi neno hilo huandikwa juu ya milango ya majumba makubwa sana.

Warumi walilipokea wakasema "centrum". Vitruvius, mjenzi wao aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba mtu akilala chali na kunyosha mikono na miguu, kisha bikari ikawekwa kitovuni mwake, duara lake litagusa ncha za vidole vya mikono na vya miguu. Karibu na mwaka 1490 Leonardo da Vinci alichora picha ya habari hiyo, nayo imejulikana ulimwenguni kote. Wayunani nao walikuwa na mji wa Delphi, walioufikiri kuwa kitovu cha dunia, wakaweka jiwe huko liwe alama yake. Nasi katika Kiswahili twasema kitovu cha duara; basi mwili wa binadamu umekuwa mwalimu wa mataifa mengi katika jambo hili.

Kutoka Kilatini neno likaingia Kifaransa, na kwa Wafaransa Waingereza wakalipata katika karne ya 14. Geoffrey Chaucer alilitumia mwaka 1391 katika kitabu alichomwandikia mwanawe Lewis, mtoto wa miaka 10, kumfundisha matumizi ya astrolabu, chombo cha kupimia nyota. Habari ya kwamba Waingereza huliandika "centre" na Wamarekani "center" si ya kutukawiza. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilishika njia ya kwanza, na ile ya Noah Webster ya mwaka 1828 njia ya pili.

Lakini liko jambo ambalo wengi hulisimulia kinyume. Husemwa kwamba wazee wa kale waliiweka dunia katikati ya ulimwengu kwa kujitukuza, na kwamba Copernicus, kwa kitabu chake cha mwaka 1543, aliishusha kutoka kiti cha heshima. Wenye elimu wa zamani hawakufikiri hivyo. Aristotle alifundisha kwamba vitu vizito vyote huanguka kuelekea katikati; kwa hiyo katikati palikuwa chini kabisa, mahali pa vitu vizito viharibikavyo, na utukufu ulikuwa juu mbinguni, mbali na hapo. Dante wa Italia, aliyekufa mwaka 1321, alipotunga utenzi wake mkubwa, alimweka nani penye kitovu hasa cha dunia? Shetani. Na Galileo, mwaka 1610, alipoitetea dunia kuwa nayo hutembea kama sayari nyingine, alisema kwamba si jaa la uchafu wa ulimwengu. Kwake yeye, kuiondoa katikati kulikuwa kuipandisha cheo! Hata hivyo mwaka 1633 alihukumiwa mjini Roma kwa ajili ya fundisho hilo.

Wala jua halikukaa katikati kwa muda mrefu. Kepler alionyesha mwaka 1609 kwamba njia ya sayari si duara kamili bali ni kama yai, na jua limekaa kando kidogo ya kitovu chake. Mwaka 1918 Harlow Shapley wa Marekani akaonyesha kwamba jua lenyewe li mbali sana na katikati ya kundi letu la nyota.

Neno, kwa upande wake, liliendelea kupanda. Katika baraza la Ufaransa la mwaka 1789 watetezi wa mfalme walikaa kuume na wapinzani wao kushoto; na waliokaa katikati wakaitwa kwa jina la mahali pao. Mwaka 1920 taarifa ya Lord Dawson huko Uingereza ilishauri zijengwe nyumba za matibabu zilizoitwa "health centres". Na mwaka 1954 karibu na Detroit, Marekani, lilifunguliwa soko kubwa liitwalo Northland Center. Nalo halikuwa katikati ya mji, lilikuwa nje yake! Hapo neno lilikuwa limekwisha kuacha mahali, likashika maana ya pale watu wanapokusanyika.

Kwa hiyo mfasiri hana budi kuuliza kwanza ni "centre" gani. Ya duara ni kitovu; ya yai ni kiini; ya kukusanyikia watu ni kituo, nalo neno hili latoka katika kutua, kama mpagazi atuavyo mzigo wake apumzike. Kentron ilichoma, kituo chapumzisha. Na katika Tanzania kituo cha afya kimewekwa juu ya zahanati na chini ya hospitali, basi kweli ni cha katikati. Lakini ni katikati ya daraja, wala si ya mahali, maana chenyewe chaweza kuwa mwisho kabisa wa barabara.