Mficha Uchi Hazai

Wazee walisema mficha uchi hazai. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa mgonjwa: asimwonee haya mkunga wala mganga, aseme linalomsumbua apate kusaidiwa. Mimi nataka kuielekeza upande wa pili wa meza. Daktari anayejua kwamba dawa atakayompa kijana mwenye saratani huenda ikamwondolea uwezo wa kupata mtoto, naye akanyamaza, je, hakuficha kitu?

Kwetu Nyakasimbi swali hili si la anasa. Hapa Karagwe, na kwa ndugu zetu wa Kyerwa ambao tulikuwa nao wilaya moja hadi mwaka 2012, mtoto si furaha ya nyumbani tu. Kwake kibanja hupata mrithi na ukoo hupata jina. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilieleza kwamba mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Msomaji na apime mwenyewe maana ya maneno hayo kwa mjane asiye na mtoto hata mmoja. Ugumba ungeweza kumtoa mtu katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake.

Sasa tuitazame historia ya tiba yenyewe. Dawa za saratani zilifika jirani yetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1958, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walifunga safari ya gari kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama uvimbe huo unaonekana huko. Muda si mrefu wakaanza kuwatibu watoto kwa dawa, mojawapo ikiwa siklofosfamaidi, na wengine ambao zamani wangezikwa walipona. Mwaka 1967 kituo maalumu cha tiba hiyo kikafunguliwa Mulago.

Ilikuwa neema kubwa. Lakini siklofosfamaidi hiyo hiyo, katika miaka ya 1970, madaktari waliandika kwamba inaharibu mbegu za mwanamume na mayai ya mwanamke. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Yakiteketea hapati mengine. Mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga hufanya vivyo hivyo, na huuharibu pia mfuko wa uzazi. Siwalaumu madaktari wa mwanzo. Mbele ya mtoto anayekufa, nani angeuliza habari za wajukuu? Ila waliopona walikua, wakafika umri wa kuoa na kuolewa, na swali likawasubiri mlangoni.

Isidhaniwe kwamba tiba ya saratani na uzazi ni maadui siku zote. Mwaka 1956 ilitangazwa huko Marekani kwamba dawa ya methotreksati imewaponya wanawake wenye saratani inayotokana na kondo la nyuma. Mwanamke aliweza kupona bila kuondolewa kizazi, na baadaye akazaa. Tangu hapo ilijulikana kwamba, kwa baadhi ya saratani, uamuzi wa daktari kuhusu njia ya tiba ni uamuzi pia kuhusu watoto watakaozaliwa au wasiozaliwa.

Wakati huohuo wataalamu wengine walikuwa wakijifunza kuhifadhi uhai kwenye baridi kali. Mwaka 1949 Waingereza waligundua kwamba mbegu za kiume zikichanganywa na gliserini hustahimili kugandishwa. Mwaka 1953 ilitangazwa Marekani kwamba wanawake wameshika mimba kwa mbegu za namna hiyo. Mwaka 1984 alizaliwa huko Australia mtoto aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa, na mwaka 1986 ikatangazwa mimba iliyotokana na yai lililogandishwa. Mwaka 2004, Ubelgiji, mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani alijifungua baada ya kurudishiwa kipande cha ovari yake kilichohifadhiwa kabla ya tiba. Ndipo mwaka 2006 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kikatoa mwongozo: daktari azungumze na mgonjwa juu ya hatari ya ugumba kabla tiba haijaanza, na mapema iwezekanavyo. Tangu kugundulika kwa njia hadi kuandikwa kwa wajibu wa kuitaja, ilipita zaidi ya miaka 50.

Mtu atasema hayo ni ya Ulaya. Ni kweli, mgonjwa wa Nyakasimbi akitoka Nyakahanga hupelekwa Bugando, Mwanza, ambako idara ya saratani ilianza mwaka 2009, au husafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Ocean Road, Dar es Salaam. Akifika, fedha zimekwisha na ugonjwa umekomaa. Kumweleza habari za mayai kwenye barafu kunaweza kuonekana kama kumwonyesha mwenye njaa picha ya chakula. Lakini watoto waliotungwa maabara walianza kuzaliwa Kampala mwaka 2004 na Nairobi mwaka 2006; teknolojia yenyewe iko jirani, ingawa bei yake iko mbali. Tena si kila njia inahitaji barafu. Pengine ipo dawa nyingine yenye madhara madogo. Pengine ovari zinaweza kukingwa au kusogezwa kando kwa upasuaji kabla ya mionzi. Na kidonda cha awali cha mlango wa kizazi, kikigunduliwa mapema kwa kipimo cha siki, hutibiwa kwa utaratibu mdogo na mfuko wa uzazi ukabaki. Kwa mama wa kijijini, kipimo hicho ndiyo hifadhi ya uzazi iliyo karibu zaidi, pamoja na chanjo iliyoanza kutolewa nchini kote kwa wasichana mwaka 2018.

Hata pale ambapo hakuna njia, ukweli bado una kazi. Binti aliyeambiwa mapema ataomboleza, kisha atapanga maisha yake: atamwambia mchumba au atachagua kulea mtoto wa ndugu. Asiyeambiwa atazunguka miaka kumi kwa waganga akitafuta aliyemroga, na huenda akamtuhumu mkwewe.

Wala tusiseme mazungumzo kama hayo hayawezekani kwetu. Mkoa wetu wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983. Msiba ule ulitufundisha ushauri nasaha: muuguzi na mgonjwa ndani ya chumba, mlango umefungwa, maneno yanasemwa kwa upole na kwa lugha ya mgonjwa, hata Kinyambo ikibidi. Humo wanawake waliulizwa kama wanataka kuzaa, wakaonyeshwa namna ya kumkinga mtoto. Kama tuliweza kuzungumza juu ya ngono na kifo, tutashindwaje kuzungumza juu ya uzazi na saratani? Kinachohitajika ni robo saa na mtu aliyefunzwa kuitumia.

Nami nawaomba vijana wenzetu wanaougua wasingoje kuulizwa. Kabla ya chupa ya kwanza ya dawa, muulize daktari: je, tiba hii itagusa uwezo wangu wa kuzaa? Ipo njia nyingine? Nina muda gani wa kuamua? Daktari mwema hatachukia. Na kama jibu ni zito, ni afadhali lije leo, mtu akiwa bado ana la kuchagua.